Kibarua cha Kuwahesabu Vibarua

Kibarua ni barua ndogo. Katika Unguja na Mombasa ya karne ya 19, mtu aliyekwenda kubeba mizigo au kupasua mawe kwa kutwa alipewa kijikaratasi, na siku ikiisha alikirudisha akapokea ujira wake. Karatasi iliitwa kibarua. Haukupita muda, aliyeishika naye akaitwa kibarua. Wengi wao walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwaachia wajitafutie kazi mjini, kisha sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana. Jina la kipimo likamganda mtu. Hata leo mtu akipoteza kazi twasema kibarua chake kimeota nyasi, wala hatukumbuki kwamba hapo zamani palikuwa na karatasi.

Nimeanzia pwani, lakini safari yangu ni ya Kampala. Huko wana maneno yao. Kazi ya leo ipo kesho haipo wanaiita leja leja. Kazi ya chini anayoifanya mtu aliyekimbilia ughaibuni wanaiita kyeyo, yaani ufagio. Na huko kazi ya namna hiyo imepimwa kwa zaidi ya miaka 100 na watu wa kila aina: machifu, maofisa wa serikali, wanaanthropolojia, wachumi, madaktari wa upasuaji. Kila mmoja alikuja na karatasi yake. Nimezifuata karatasi hizo nikitafuta jambo moja tu: ni lini mtu wa kutwa aliulizwa kazi yake inamfanya nini mwilini?

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya chifu. Waingereza walipohitaji watu wa kulima barabara na kubeba mizigo ya serikali, hawakusubiri watu waje kuomba. Walianzisha kasanvu, kazi ya lazima yenye ujira mdogo, iliyowaangukia wanaume wa Buganda wasio na kinga ya cheo wala ajira nyingine. Chifu aliagizwa idadi, naye akatoa idadi. Kilichohesabiwa ni vichwa. Kasanvu ilifutwa mwaka 1922, na nafasi ya wale waliokuwa wakishurutishwa ikajazwa na wageni waliokuja kwa miguu yao: Wanyarwanda na Warundi waliokimbia kazi za shuruti na njaa chini ya Wabelgiji, Waalur na Walugbara kutoka kaskazini magharibi. Wengine walilima pamba na kahawa kwenye mashamba ya Waganda, wengine wakaingia kwenye miwa ya Lugazi, ambako Nanji Kalidas Mehta alianza kiwanda cha sukari mwaka 1924, au ya Kakira, alikojenga Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, mji ulikuwa tayari unakula jasho la watu ambao kwao ni mbali, watu wa kuja na kurudi.

Vita Kuu ya Pili ilipandisha bei ya nguo na vyakula huku mishahara ikisimama palepale. Januari 1945 vibarua na watumishi wa chini waliacha kazi, na mgomo ukasambaa kutoka mji hadi mji. Palitokea ghasia, watu wakauawa, na serikali ikaunda tume. Tangu hapo wakubwa walitambua kwamba mfanyakazi wa mjini ni mtu wa kuchunguzwa kwa karibu. Lakini tazama walichotaka kukijua. Mwaka 1947, jijini Nairobi, wataalamu walifanya uchunguzi mkubwa miongoni mwa wafanyakazi wa reli, reli hiyohiyo iliyofika Kampala. Matokeo yalichapishwa mwaka 1949 chini ya uhariri wa C. H. Northcott, na jina la uchunguzi wenyewe lilitaja ufanisi wa kazi wa Mwafrika. Chakula na afya vilikuwemo ndani yake, ila viliingia kwa mlango wa tija: mtu apewe uji wa kutosha ili anyanyue mizigo zaidi. Mwili ulipimwa kama mashine inavyopimwa mafuta.

Kampala nayo ilipata wapimaji wake. Kwenye kilima cha Makerere palianzishwa Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, na kuanzia 1950 iliongozwa na Audrey Richards, mwanaanthropolojia aliyejulikana tangu zamani kwa kuchunguza watu wanakula nini na wanakipataje. Yeye na wenzake walitoa mwaka 1954 kitabu juu ya wahamiaji wa kazi ndani ya Buganda. Baada yao mwanauchumi Walter Elkan alitembelea viwanda vya Kampala na Jinja, kikiwemo cha sigara, akachapa mwaka 1960 kitabu chake juu ya wahamiaji na wafanyakazi wa mjini. Kitabu hicho bado kinasomwa, na kinastahili. Elkan alionyesha kwamba mfanyakazi wa Kampala hakuwa mvivu wala mtu wa kutangatanga kama matajiri walivyodai. Alikuwa na shamba nyumbani, na shamba ndilo lililokuwa pensheni yake, bima yake na nyumba yake ya uzeeni. Kuacha kazi ya mji na kurudi kijijini ilikuwa hesabu ya mtu mwenye akili.

Hata hivyo, kipimo kikuu cha zama zile kilikuwa kasi ya watu kuacha kazi. Mwajiri alitaka kujua: huyu atakaa nami muda gani? Hakuna aliyechora jedwali la upande wa pili, kwamba mwajiri naye atakaa na mtu huyu muda gani, na siku akimwacha, mtu huyo atapungua kilo ngapi. Sisemi hivi kwa kuwalaumu watafiti wale. Waliona mengi ambayo serikali haikutaka kuyaona. Ila kila swali lina mwenyewe, na la wakati ule lilikuwa la mwenye kiwanda.

Wawili kati ya watafiti hao walikaribia kulivuka swali hilo. Aidan Southall na Peter Gutkind walifanya utafiti katika mitaa ya Kisenyi na Mulago katikati ya miaka ya 1950, na kitabu chao kikatoka mwaka 1957. Kisenyi iko bondeni, chini ya kilima cha Mengo, hatua chache kutoka madukani, na wakati huo ilikuwa nje ya mipaka ya manispaa. Humo waliwakuta mafundi cherehani, watengeneza baiskeli, wapika pombe, wauza chakula, wapangishaji wa vyumba vya udongo, wanawake wanaojitegemea. Wengi wa watu hao hawakuwa na mwajiri. Hawakuingia katika takwimu za kazi kwa sababu takwimu za kazi zilikusanywa kwa waajiri. Southall na Gutkind waliwaandika majumbani mwao na vibarazani mwao, miaka 15 kabla ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani haujaenda Kenya mwaka 1972 na kuieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi.

Uhuru ulikuja mwaka 1962 na kwa muda ilionekana kama kazi ya kudumu ingeshinda. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa kwa kasi miaka hiyo. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na sauti. Ralph Grillo alipowachunguza wafanyakazi wa reli waliokaa katika nyumba za shirika huko Nsambya, aliandika habari za watu wenye vyeo, ngazi za mishahara na nyumba zinazotolewa kwa daraja la kazi. Mtu wa reli alijua mwezi ujao atakula nini. Maisha ya namna hiyo ndiyo ambayo baadaye, huko Ulaya, wataalamu wa afya wangeyafanya kuwa rula ya kupimia kazi nyingine zote. Kwa Kampala yaliwahi kuwepo, kwa wachache, kwa miaka michache.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Viwanda na maduka viligawiwa watu waliokaribiana na utawala, bidhaa zikaadimika, na uchumi ukaingia gizani. Watu waliuita magendo, nasi Waswahili twalijua neno hilo vizuri. Walionenepa kwa magendo wakaitwa mafuta mingi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli la pamoja likavunjika nayo. Mshahara uliendelea kuitwa mshahara, lakini haukununua kitu. Mwanauchumi Vali Jamal wa Shirika la Kazi Duniani aliandika mwaka 1988 juu ya fumbo lenyewe: ukichukua kima cha chini cha mshahara ukakigawanya kwa bei ya chakula, watu wa Kampala wangepaswa kuwa wamekufa njaa, lakini walikuwa hai. Waliishi kwa kijungu jiko. Karani alifika ofisini asubuhi, akatundika koti kwenye kiti, akatoka kwenda kuuza na kununua. Mkewe alilima mihogo na viazi kwenye kila kipande cha udongo kilichokuwa wazi, mabondeni na kando ya reli. Ajira ilikuwepo, riziki ikawa kwingine.

Hapa ndipo Kampala ilipotoa kipimo chake cha kwanza kilichozunguka dunia, na ningependa kila mwanafunzi wa afya ya jamii Afrika Mashariki akijue. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti Daniel Maxwell alikuwa mjini humo akichunguza kilimo cha mjini. Alitaka kujua nyumba ipi ina njaa. Kupima chakula chenyewe, gramu kwa gramu, ni kazi ya gharama na ya kuchosha. Na pato la mtu wa leja leja haliulizwi kwa mwezi, maana hana mwezi. Basi akawasikiliza wanawake. Waliporudi mikono mitupu walifanya nini? Majibu yalijirudia mpaka yakawa orodha: kula chakula wasichokipenda, kupunguza kipimo cha sahani, kukopa chakula au fedha ya chakula, mama kujinyima ili watoto wale, kuruka mlo, kushinda siku nzima bila kula. Maxwell alihesabu kila jambo linatokea mara ngapi na kulipa uzito kwa ukali wake, akachapisha njia hiyo mwaka 1996. Baadaye iliendelezwa na mashirika ya misaada, likiwemo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na leo maswali ya aina hiyo huulizwa katika kambi na vijiji vya nchi nyingi.

Rudia jibu la nne. Mama kujinyima ili watoto wale. Hakuna dodoso la kazi lililokuwa na kisanduku cha jambo hilo, na bado ndilo jambo linalounganisha siku mbaya sokoni na mwili wa mtu. Utafiti uliofuata wa Maxwell na wenzake, uliochapishwa mwaka 1998, ulipima watoto wa Kampala kwa urefu na kukuta kwamba katika nyumba zilizolima mjini watoto walikuwa na urefu bora kwa umri wao. Utepe wa kupimia urefu ulisema kile ambacho hati ya mshahara ilishindwa kusema.

Miaka hiyohiyo serikali ya Yoweri Museveni, kwa masharti ya wafadhili, ilipunguza watumishi wa umma kutoka zaidi ya 300,000 mwaka 1990 hadi karibu nusu yake ndani ya miaka mitano hivi. Waliopunguzwa walipewa kiinua mgongo. Wengine walinunua shamba, wengine teksi. Na vijana wengi wakaingia kwenye pikipiki.

Bodaboda ilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha watu na mizigo kati ya kituo cha forodha cha upande huu na cha upande ule, wakinadi boda, boda, yaani mpaka hadi mpaka. Kampala iliichukua, ikaiweka kwenye pikipiki, na katika miaka ya 1990 na 2000 ikaifanya kazi ya kwanza ya kijana asiye na kazi. Wengi hawakumiliki chombo. Kila siku au kila wiki ilibidi kitu kiende kwa mwenye pikipiki. Dar es Salaam malipo hayo huitwa hesabu: umepata abiria hukupata, hesabu lazima ifike. Kampala jina ni jingine, jambo ni lilelile. Nikilitazama namkumbuka yule kibarua wa Unguja akigawana ujira na bwana wake. Kijana wa bodaboda ni mtu huru, na tofauti hiyo ni kubwa mno kuichezea. Lakini mpango wa pesa unafanana, na mpango wa pesa ndio unaoamua ataendesha saa ngapi, ataendesha akiwa na homa, atapita pembeni ya lori lililosimama au hatapita.

Mwisho wa njia ulikuwa Mulago. Hospitali hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1913, ndiyo iliyowapokea waliojeruhiwa. Daktari wa upasuaji Olive Kobusingye alikuwa miongoni mwa walioona kwamba majeruhi wanaingia kwa wingi na kwamba hakuna anayewaandika ipasavyo. Vipimo vya ukali wa majeraha vilivyotumika Marekani na Ulaya vilihitaji mashine, vipimo vya maabara na makarani. Mulago usiku wa Jumamosi haikuwa navyo. Kobusingye na Ronald Lett waliunda kipimo cha mambo matano ambayo muuguzi mmoja anaweza kuyajua kwa macho, saa na mashine ya shinikizo la damu: umri wa mtu, shinikizo la damu yake, anapumua mara ngapi kwa dakika, fahamu zake zikoje, ana majeraha makubwa mangapi. Jumla yake humwambia daktari nani ashughulikiwe kwanza. Kilichapishwa mwaka 2000, na kinaitwa kwa jina la mji, kipimo cha Kampala, hata kinapotumika mbali na Kampala.

Kwa rejista za namna hiyo hali ya barabara ilianza kusomeka. Mwaka 2010 madaktari wa Mulago walichapisha hesabu ya gharama: matibabu ya waliojeruhiwa katika ajali za bodaboda yalikuwa yakimeza zaidi ya asilimia 60 ya bajeti ya idara ya upasuaji. Wengi husoma takwimu hiyo wakailaani bodaboda. Mimi huiona kama hati ya malipo. Kazi isiyo na mkataba, bima, mapumziko wala siku ya kuugua ina gharama yake, na gharama hiyo haikulipwa na mwenye pikipiki wala na abiria. Ililipwa na wodi, na familia iliyouza kiwanja kumnunulia kijana chuma cha mguu.

Wakati Mulago ikihesabu mifupa, Barcelona walikuwa wakitafuta namna ya kupima woga. Hispania ilikuwa imelegeza sheria zake za ajira katika miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya wafanyakazi wake ikawa ya mikataba ya muda mfupi. Joan Benach, Carles Muntaner na wenzao walikuwa wameongoza jopo la ajira lililolisaidia Shirika la Afya Duniani kuandaa taarifa ya mwaka 2008 juu ya mizizi ya kijamii ya afya, ile iliyotolewa na tume iliyoongozwa na Michael Marmot. Mwaka 2010 Alejandra Vives, akiwa na kundi hilohilo, alichapisha kipimo cha ajira tete kiitwacho EPRES. Kina nguzo sita: mkataba ni wa muda gani, masharti yalipangwa na nani na kama nawe ulikuwa na sauti, mkubwa wa kazi anakutendeaje, mshahara unatosha, una haki gani, za likizo, pensheni, kulipwa ukiumwa, na je, haki hizo waweza kuzidai bila woga?

Nguzo ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikiheshimu kipimo hiki. Haki iliyoandikwa na haki inayotumika si kitu kimoja, na hakuna aliyewahi kufanya kazi kwa mtu asiyelijua hilo. Watafiti wa Hispania waliona kwamba kadiri alama za mtu zinavyopanda, ndivyo hali yake ya akili inavyozidi kuwa mbaya, ngazi kwa ngazi. Lile swali la kale lilikuwa limegeuzwa hatimaye. Halikuuliza tena mfanyakazi anadumu kiasi gani kwa mwajiri. Liliuliza kazi inamfanyaje mfanyakazi.

Sasa tukilete kipimo hiki Kampala. Tuseme tunaanza na askari wa kampuni ya ulinzi anayekesha kwenye geti la benki. Kinamfaa sana. Ana mwajiri, ana masharti asiyoyapanga, ana likizo iliyoandikwa ambayo haombi. Kinamfaa pia msichana wa kiwandani anayechukuliwa kwa kutwa. Kanuni za ajira za Uganda za mwaka 2011 zinasema katika kanuni ya 39 kwamba mtu asiajiriwe kama kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Kila anayefanya kazi viwandani anajua kinachoweza kutokea wiki ya mwisho ya mwezi wa nne: mtu anaambiwa apumzike kidogo, kisha anaitwa upya, na hesabu inaanza mwezi wa kwanza. EPRES ingemwona msichana huyo.

Halafu tumwendee kijana wa bodaboda pale mtaa wa Bwaise, kwenye stegi yao, yaani kituo chao. Mkataba wako ni wa muda gani? Hana mkataba. Mkubwa wako wa kazi anakutendeaje? Yupi? Mwenye pikipiki? Mkopeshaji anayeweza kuichukua akikosa malipo? Mwenyekiti wa stegi? Polisi wa barabarani? Ile programu ya simu inayompangia abiria na bei? Tangu katikati ya muongo uliopita, SafeBoda na wenzake walipoingia sokoni, hata simu imekuwa mmoja wa wakubwa. Kijana ana mabwana watano na hana mwajiri hata mmoja. Kwenye dodoso ataandikwa mtu aliyejiajiri, na ukurasa mzima wa maswali utarukwa. Watafiti wa Ulaya wenyewe wanaliona pengo: mwaka 2020 Bertina Kreshpaj na wenzake walipitia tafiti nyingi wakakuta kila mtu ana tafsiri yake ya ajira tete, wakapendekeza tushike mambo matatu, yaani kukosa uhakika, pato lisilotosha, na ukosefu wa haki na ulinzi. Mambo hayo matatu yanafika hadi Bwaise. Maswali ya kuyapima ndiyo bado.

Ofisi ya Takwimu ya Uganda, UBOS, iliyoundwa mwaka 1998, nayo huuliza juu ya kazi, na sheria inayoifuata ni ya dunia nzima. Tangu mkutano wa wanatakwimu wa kazi wa mwaka 1982, aliyefanya kazi ya kipato walau saa moja ndani ya siku saba anahesabiwa kuwa na kazi. Saa moja. Katika utafiti wa nguvukazi wa 2016/17 ukosefu wa ajira Uganda ulitajwa kuwa chini ya asilimia 10. Takwimu hiyo si ya uongo. Mwenye njaa Kampala hana uwezo wa kukaa bila kazi. Anauza maji, anabeba gunia soko la Owino, anaosha gari. Anapata saa yake moja, na kalamu inapita.

Kisha likaja jaribio ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulipanga. Tarehe 25 Machi 2020, kwa hofu ya Korona, Rais Museveni alisimamisha usafiri wa umma na kuwazuia bodaboda kubeba abiria. Ndani ya siku chache mji ulifungwa. Serikali ikalazimika kujibu upesi swali ambalo mabingwa walikuwa wakilizunguka kwa miaka 60: ni nani hasa anayeishi kwa siku? Ilikadiria watu milioni moja na nusu wa Kampala na Wakiso. Tarehe 4 Aprili ugawaji wa chakula ulianza, kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu, na maziwa ya unga na sukari kwa wagonjwa na wanaonyonyesha. Wanajeshi walikwenda nyumba kwa nyumba. Ilibidi waamue mlangoni, kwa kuangalia: huyu anastahili, yule ana geti la chuma, hastahili. Mpangaji wa chumba cha uani nyuma ya geti la chuma alisimama akitazama gunia likipita. Waendesha bodaboda walikaa bila abiria hadi tarehe 27 Julai, siku 124.

Mwaka uliofuata mji ulifungwa tena, kuanzia tarehe 18 Juni 2021, kwa siku 42. Safari hii Waziri Mkuu Robinah Nabbanja alisimamia mpango wa shilingi 100,000 kwa simu, kwa watu karibu nusu milioni. Orodha ya wanaostahili ikatangazwa kwa aina ya kazi: waendesha bodaboda, makondakta, wapiga debe, wabeba mizigo, wahudumu wa baa, wanamuziki, wachuuzi, wang'arisha viatu, waosha magari. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi. Kwa haraka zake zote na malalamiko yote yaliyofuata, ilifanya jambo ambalo takwimu za kila mwaka hazikulifanya: iliwataja watu hao kwa kazi zao, ikakiri kwamba siku 42 zinatosha kuwafikisha kwenye njaa. Ni dodoso lililoandikwa na dola kwa woga, na lilikuwa na maswali mazuri kuliko mengi yaliyoandikwa kwa utulivu.

Mji ulipofunguliwa orodha iliwekwa kando. Sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii ilirekebishwa Januari 2022 ili kila mwajiri achangie, hata mwenye mfanyakazi mmoja, na hilo ni jambo kubwa kwa yule askari na yule msichana wa kiwandani. Lakini kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadili mwaka 2019; Rais hakuutia saini.

Hivyo kwa watafiti wa Makerere, na kwa wanafunzi wa vyuo vya Muhimbili na Nairobi wanaotafuta mada, nina ombi. Kipimo cha ajira tete kwa miji yetu hakitashuka kutoka Barcelona kikiwa tayari, ingawa Barcelona wametufundisha kuuliza juu ya woga. Kampala tayari imeonyesha mara mbili jinsi kipimo kinavyotengenezwa: kwa kuwasikiliza kina mama juu ya siku mbaya, na kwa kuandika kile ambacho muuguzi mmoja anaweza kukiona usiku. Anzeni na siku, kwa sababu siku ndiyo mkataba wa watu hawa. Mkifika Bwaise na dodoso mkononi, msiulize kwanza kama mtu alifanya kazi walau saa moja wiki iliyopita. Mwulizeni: jana ulirudi na kiasi gani baada ya kupeleka hesabu, mara ya mwisho ulipougua ulipumzika siku ngapi, na siku hizo nani hakula?